Jina la Mwisho Kwenye Maji ya Ighembe

Nawaletea kisa. Semeni: Kilete, tumekaa.

"Kilete, tumekaa."

Kimetoka mbali, kimechoka. Semeni: Kipumzike hapa.

"Kipumzike hapa."

Vema. Basi endeleeni kupukuchua maharage. Mvua hii haitakatika kabla ya jioni, na mikono ikiwa na kazi masikio hutulia. Nakundwa, wewe sogea karibu, maana kisa hiki ni jibu lako. Jana tulipotoka kumzika mjomba wako, Zabloni Mrutu, uliniuliza jambo njiani nami sikukujibu. Ulisema, "Babu, watu wamesema mtu asiye na Mungu ni debe tupu. Je, mjomba alikuwa debe tupu?" Sikukujibu kwa sababu tulikuwa tunapanda mlima, na mtu wa umri wangu hawezi kupanda mlima na kusema kweli kwa wakati mmoja. Leo nimekaa.

Hapo kale, kale ambayo hata babu wa babu yangu aliiita kale, kabla mahindi hayajafika milimani kwetu, wakati watu wa Upare walipokula magimbi, ndizi na ulezi, kulikuwa na kijiji kikiitwa Ighembe. Msikitafute. Hakipo tena. Kilikuwa begani mwa mlima, jua likikipiga asubuhi na ukungu ukikifunika alasiri, na udongo wake ulikuwa mwema, lakini hakikuwa na maji.

Maji yalikuwa juu, ndani ya msitu, kwenye chemchemi iliyoitwa Kwemvumo. Basi wakatokea watu watano wakachimba mfereji kutoka Kwemvumo hadi Ighembe. Walipita kwenye mwamba, walipita kwenye mizizi, walipita pembeni mwa genge ambapo mbuzi hukanyaga kwa hadhari. Walichimba miaka sita. Majina yao ni haya, nami niliyaandika kwenye daftari nikiwa darasa la nne, babu yangu akinisomea kutoka kichwani mwake: Mndeme, Kazeni, Mtango, Shaghude, Mrindoko. Wewe mdogo hapo pembeni, wacha kucheka. Shaghude ni jina zuri, na wewe hujachimba mfereji.

Chini ya mfereji wakajenga ndiva. Ninyi mnaijua ndiva, lile bwawa la ukuta wa mawe na udongo. Jioni inazibwa, maji yanajikusanya usiku kucha. Alfajiri inazibuliwa, maji yanakwenda mashambani kwa zamu. Ndiva ya Ighembe ilizibwa kwa gogo la mti lililoviringishwa majani ya mgomba na kukandikwa udongo. Gogo hilo ndilo kizibo, na aliyelishika aliitwa mwenye kizibo.

Mwenye kizibo alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuzibua na kuziba. Ya pili ilikuwa kusema majina. Kila alfajiri, kabla ya kuvuta kizibo, alisimama akielekea mawio, akachota maji kwa kiganja, akayaachia yadondoke, akitaja jina. Kiganja kimoja, jina moja. Mndeme. Kazeni. Mtango. Shaghude. Mrindoko. Kisha kiganja cha sita, na jina la mwisho, Kyumbi, ambalo kwa lugha ya wazee wetu ni Muumba, aliyeweka chemchemi kabla hajaweka mtu. Ndipo kizibo kikavutwa. Na watu wa Ighembe, waliosimama chini na majembe yao, hawakusogea mpaka walisikie jina la mwisho.

Mmenielewa? Majina matano ya watu, na la sita ni la Mungu. Shikeni hapo.

Sasa mwenye kizibo wa zamani hizo alikuwa Kajiru. Kajiru wa Mndeme, mjukuu wa yule Mndeme wa kwanza. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miguu iliyokomaa kwa matope, mchache wa maneno. Alijua kila jiwe la mfereji. Akisikia maji usiku akiwa kitandani, aliweza kusema jani limekwama wapi. Wala hapakuwa na mtu Ighembe aliyeonekana kuridhika kuliko yeye. Alikula akafurahi, alichoka akafurahi, maji yakiingia kwenye shamba la mtu mwingine alisimama akiyatazama kama mtu anayemtazama mtoto wake akianza kutembea.

Lakini Kajiru alikuwa na jambo moja. Jina la mwisho hakulisema.

Hakulidharau. Sikilizeni vizuri, maana watu husikia hapa wakakimbilia kuhukumu. Alipokuwa kijana alilitaja kama wengine, kisha siku moja akajiuliza ni nani anayemwita, akatega sikio, akalitega siku nyingi, hakusikia kitu. Tangu hapo likikaribia ulimi wake lilikwama. Majina matano aliyataja kwa sauti, kwa sababu alijua mikono ya wale watu. Aliona alama za majembe yao kwenye mwamba. La sita lilimshinda.

Basi mkewe ndiye aliyelisema. Mkewe aliitwa Nakiete. Si Nakijeti, watu hukosea. Ni Nakiete, binti wa Mzava. Nakiete alizaliwa katika nyumba ya watu wa sala, na sala ilikuwa kwake kama pumzi. Siku ya kwanza Kajiru alipoishia jina la tano, akasimama na kiganja kimejaa, maji yakimvuja vidoleni, Nakiete alikuwa nyuma yake na mtungi kichwani.

Akamwuliza, "Umelisahau?"

"Sijalisahau. Sinalo."

"Wengine wanangoja huko chini."

"Najua wanangoja."

Nakiete akatua mtungi, akasogea, akaweka kiganja chake chini ya kiganja cha mumewe, akasema, "Kyumbi." Maji yakadondoka kutoka mikono miwili. Kisha akasema, "Vuta kizibo, baba Namche. Mimi ninalo la kututosha sote."

Ikawa hivyo. Alfajiri kwa alfajiri, mwaka kwa mwaka, mume alitaja matano, mke alitaja la sita. Watu wa Ighembe walisikia sauti ya mwanamke mwishoni, wakacheka kidogo, wakazoea. Walisema, "Ndiva yetu ina mume na mke." Nao wawili walishiba, kila mmoja kwa chake. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, ndiye huyo Namche.

Kisha Nakiete akafa.

Sina maneno mengi ya hapo. Alikufa kwa homa ya mapafu, mwezi wa baridi, kwa siku nne. Siku ya tatu alimshika Kajiru mkono, akamwambia, "Jina langu la mwisho utalisema?" Kajiru akalia. Alitaka kusema ndiyo. Mtu mwingine angesema ndiyo. Yeye akasema, "Nitajaribu, mama Namche. Siwezi kukudanganya wewe leo." Nakiete akatabasamu, akasema, "Hujawahi." Hayo ndiyo mazungumzo yao ya mwisho.

Alfajiri ya baada ya matanga, Kajiru akasimama kwenye ndiva. Chini walisimama watu wote wa Ighembe na majembe yao. Mbele yao alisimama Kiondo, kaka wa Nakiete, na karibu naye mzee Mashombo, mkubwa wa kijiji. Kajiru akachota. Mndeme. Kazeni. Mtango. Shaghude. Mrindoko. Akachota kiganja cha sita. Akafungua kinywa, na watu wakatega masikio, maana kila mtu alijua. Na jina lililotoka lilikuwa hili:

"Nakiete."

Akavuta kizibo. Maji yakatoka.

Hakuna aliyesogea. Maji yalipita miguuni mwao yakaenda bure. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Amemweka mkewe mahali pa Muumba." Mwingine akasema, "Mwacheni, ni msiba." Na siku ile walimwacha. Lakini kesho yake alisema vilevile, na kesho kutwa vilevile. Siku ya saba wazee wakamwita.

Mzee Mashombo alikuwa mtu mpole. Akamwambia, "Kajiru mwanangu, hatukuulizi moyoni mwako mna nini. Moyo wa mtu ni chumba cha ndani. Tunakuomba midomo tu. Itikise midomo yako, litoke, tuchukue maji twende shambani."

Kajiru akajibu, "Mzee wangu, ningekuwa naziba ndiva kwa gogo lililooza na kulipaka udongo lionekane zima, mngeniitaje?"

"Mwizi wa maji."

"Basi msiniombe nifanye hivyo kwa kinywa."

Kiondo alikuwa mtu wa sala kama dada yake, na si mtu wa sala ya mdomoni. Alizika watoto watatu katika mwaka mmoja wa ndui. Majina yao siyajui, na jina nisilolijua silitungi. Kila alipozika alikaa kaburini akimwita Kyumbi mpaka sauti ikamkauka, kisha akainuka akaenda kulima. Watu walishangaa ameinuka na nini. Basi Kiondo akasema, "Shemeji, dada yangu alikuomba."

"Aliniomba nijaribu. Nimejaribu siku saba. Unadhani sitaki? Lingekuwa mzigo ningelibeba. Sinalo."

"Sasa tufanyeje?"

Kajiru akatoa kile kizibo begani, maana alikwenda nacho kila mahali kama mfugaji na fimbo yake, akakilaza miguuni mwa Kiondo. Akasema, "Shika wewe. Wewe unalo." Mikono yake ilipobaki mitupu hakujua aiweke wapi. Namche alikuwa amesimama mlangoni, na alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipomwona baba yake amezeeka.

Watoto, kulikuwa na mwiko. Aliyetoka kwenye kizibo hasemi tena habari za maji mbele za watu. Hasemi yamepungua, hasemi yamezidi. Wala haamkiwi kwenye ndiva. Waliona ni heshima, ili mwenye kizibo mpya asinong'onezewe na wa zamani. Mwiko huu ndio ulioleta yote yaliyofuata.

Kiondo akashika kizibo. Alfajiri alitaja majina matano, na alipofika la sita alilitaja hivi kwamba watu walihisi joto kifuani. Vikongwe walilia. Na maji, tazameni, maji yakawa mengi kuliko zamani. Yakawa meupe, hayana jani, hayana tope. Wakasema, "Mnaona? Jina limerudi, na maji yamerudi." Mwezi ukapita, maji ni safi. Msimu ukapita, maji ni safi.

Zamani, kila mwezi mwandamo, pembe ilipigwa, na watu wote wa Ighembe walipanda na majembe kusafisha mfereji. Ule ulikuwa msaragambo, kazi ya wote. Yule alitoa matope, yule alikata mizizi, yule aliziba palipovuja. Lakini sasa mwezi uliandama, wakachungulia maji, wakakuta yanatiririka kama maziwa kwenye kibuyu. Mmoja akasema, "Tunapanda kufanya nini?" Mwingine akasema, "Anayetunza ametunza mwenyewe." Pembe haikupigwa. Mwezi wa pili haikupigwa. Mwezi wa tatu ilitundikwa kwenye nyumba ya mzee Mashombo, na buibui akaifanya nyumba yake.

Nakundwa, unatabasamu. Umejua tayari. Ninyi wasichana hujua mapema. Lakini wao hawakujua.

Kiondo alijua wa kwanza baada ya Namche. Siku moja ya jua kali alipanda peke yake, akitaka kushukuru kwenye chemchemi. Alipofika kwenye lile genge alisikia jembe. Akapinda kona, akamwona Kajiru ndani ya mfereji, maji yakimfika magotini, akitoa matope kwa mikono na kuyarundika ukingoni. Alikuwa amekonda. Kando yake palikuwa na kibanda cha majani na kikapu cha magimbi aliyoletewa na binti yake.

Kiondo akasimama. Akasema, "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Angalia jiwe hilo, limelegea."

"Shemeji, watu wanasema ni Kyumbi."

"Wacha waseme. Labda ni yeye. Mimi sijamwona, lakini matope nimeyaona."

Kiondo akakaa ukingoni. Akasema, "Nitashuka niwaambie. Pembe ipigwe."

"Ukiwaambia watasemaje? Watasema Kiondo alikuwa akiita, na asiyeamini ndiye aliyeitika. Watakunyang'anya kizibo, au watakucheka wewe na jina lako. Nami sitaki lichekwe. Nakiete alilipenda."

Kajiru akatupa tope jingine ukingoni. Kisha Kiondo akauliza swali ambalo wewe, Nakundwa, uliniuliza jana. Alisema, "Kajiru, niambie kweli. Ndani yako si patupu?"

Kajiru akaegemea jembe.

"Dada yako alipokuwa hai sikulijua hilo neno, utupu. Niliamka nimejaa, nikalala nimejaa, wala sikujua ni nani wa kumshukuru, nikamshukuru yeye. Sasa najua. Panauma hapa. Usiku nikitaka kumwambia mtu kwamba maji yamepita vizuri, hakuna wa kumwambia. Wewe unaye wa kumwambia. Nilikuona ulipozika wale watoto. Nilikuona ukiinuka. Nilifurahi kwa ajili yako, Kiondo, na nilikuonea wivu."

"Basi njoo. Liite."

"Kizibo cha ndiva moja hakizibi ndiva nyingine. Pengo langu lina umbo la dada yako. Nikilijaza jina nisilolisikia, litavuja, na nitakuwa nimemdanganya yeye na huyo mwenye jina pia. Kama yupo, nadhani angependa nitoe matope."

Kiondo akashusha macho. Akasema, "Na mimi nikwambie. Si kila siku nasikia. Ziko siku naita kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde, ukungu umeziba."

"Lakini unaita."

"Naita."

"Na mimi nachimba. Shuka salama, shemeji. Jiwe lile uliangalie."

Kiondo akashuka. Hapa, watoto, ndipo kisa kinaponiuma mimi. Kiondo akashuka, na hakusema. Alijiambia, ameniomba nisiseme, na hilo lilikuwa kweli. Lakini pia alipofika ndiva vikongwe walimpokea wakimwita baraka ya Ighembe, na hilo lilikuwa tamu. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja moyoni mwake, na yeye mwenyewe hakuweza kuyatenganisha. Alfajiri iliyofuata akataja majina matano, akataja la sita, akavuta kizibo. Pembe haikupigwa.

Namche alimfuata mjomba wake. Alimwambia, "Mjomba, baba anafanya kazi ya watu arobaini."

"Najua, mwanangu."

"Anakohoa."

"Ameniomba nisiseme."

"Mimi pia ameniomba. Lakini mimi ni mtoto wake, siwezi kumvunjia neno. Wewe ni mkubwa, unaweza."

Kiondo akasema, "Mwezi ukiandama nitasema." Mwezi ukaandama. Akasema, "Ulezi ukivunwa nitasema." Ulezi ukavunwa.

Mvua za vuli zilikuja vibaya mwaka ule. Zilipiga siku tisa. Udongo wa juu ukateremka, mizizi ikang'oka, majani yakaingia mferejini kama nzige. Kazi hiyo hata watu arobaini wangetoka jasho. Siku ya kumi mvua ikakatika, jua likatoka, na alfajiri Kiondo akasimama kwenye ndiva. Watu walikuwa chini na majembe. Akatazama ndani. Ndiva haikujaa. Maji yalifika nusu, na yalikuwa na rangi ya udongo.

Mtu mmoja akasema, "Hukuita vizuri jana, Kiondo." Alikuwa anatania. Watu wakacheka.

Kiondo hakucheka. Alikitua kizibo chini, akapanda mlima akikimbia, mtu mzima mwenye mvi, na watu wakamfuata bila kujua kwa nini. Walipita mwamba, walipita mizizi. Pale pembeni mwa genge, mahali ambapo ukingo ulikuwa umebomoka, walimkuta Kajiru. Alikuwa ameketi ndani ya pengo lenyewe, mgongo wake umeegemea tope, miguu imekita upande wa pili, jembe limelala magotini. Alikuwa ameziba kwa mawe hadi mawe yakamwishia, kisha akaziba kwa mwili. Nusu ya maji ilipita juu ya mapaja yake ikaendelea kushuka Ighembe. Alikuwa amekufa tangu usiku, kwa baridi, na uso wake haukuwa na hasira.

Namche alikuwa amefika kabla yao. Alikuwa ameshika kikapu. Hakulia kwa sauti. Alisema tu, "Msimtoe haraka. Mkimtoa, maji yatamwagika. Kwanza leteni mawe."

Watu wa Ighembe wakaleta mawe. Waliziba mahali alipokuwa, jiwe kwa jiwe, wakimsogeza kidogo kidogo, mpaka mawe yakachukua nafasi yake naye akatoka. Na walipotazama ukingoni, toka genge hadi Kwemvumo, waliona marundo ya matope, rundo baada ya rundo, mengine yameota majani, mengine mabichi, kila mahali alama za mikono miwili tu. Wakaelewa. Mzee Mashombo akavua kofia yake ya ngozi ya tumbili.

Kiondo akasema mbele ya wote, "Mimi nilijua. Nilijua tangu kiangazi. Nilinyamaza." Hakuna aliyemjibu. Wakati mwingine adhabu ni hiyo tu, kutojibiwa.

Walimzika karibu na Nakiete. Kesho yake pembe ikatolewa ukutani, buibui akafukuzwa, ikapigwa, na msaragambo haukukoma tena Ighembe kwa muda wote wa Ighembe. Alfajiri iliyofuata Kiondo alitaka kukiacha kizibo. Mashombo akamkatalia: "Utakishika. Utakishika na uzito wake."

Kisha likaja swali la jina. Majina yalikuwa ya waliochimba. Wengine wakasema, Kajiru hakuchimba, alisafisha. Kiondo akasema, "Aliuchimba wote upya, peke yake. Anaingia."

"Ataingia wapi?"

"Baada ya Mrindoko."

"Yaani jirani na Kyumbi? Asiyelitaja?"

"Jirani na Kyumbi," Kiondo akasema. "Kama hawakujuana hapa, wazoeane huko."

Ndipo Namche akasema, na hakuna mwanamke aliyewahi kusema kwa sauti mbele ya wote kwenye ndiva isipokuwa mama yake. Alisema, "Baba alikuwa na jina lake la mwisho. Mkimweka yeye mkaliacha hilo, hatakuja."

Wazee wakakubali. Na tangu siku ile, kila alfajiri, kwa viganja vinane, majina ya maji ya Ighembe yalikuwa haya: Mndeme. Kazeni. Mtango. Shaghude. Mrindoko. Nakiete. Kajiru. Kyumbi.

Kiondo aliyataja miaka kumi na saba. Wanasema hakuwahi tena kulitaja la mwisho kwa ile sauti ya kuwatia watu joto. Kati ya la saba na la nane alisimama, maji yakimvuja vidoleni, kama Kajiru alivyosimama siku ya kwanza. Kisha alilitaja polepole, kama mtu anayeomba radhi. Aliamini mpaka kufa, na imani ilimbeba mpaka kufa, lakini hakumwuliza mtu yeyote tena kama ndani yake ni patupu.

Basi, Nakundwa. Ukiniuliza mimi, naamini. Nilibatizwa nikiwa na miaka tisa na sijawahi kujuta, na nilipomzika bibi yenu lile jina ndilo lililoniinua kitandani. Siwezi kukwambia mtu anaweza kuishi bila hilo, kwa sababu mimi sijaishi bila hilo. Wala siwezi kukwambia hawezi, kwa sababu mjomba wako aliishi. Ni nani aliyetengeneza madawati ya shule yenu kila likizo? Ni nani aliyepanda juu ya paa langu mvua ilipoanza kuvuja, na hakutaka hata chai? Zabloni Mrutu alikuwa jirani yangu miaka arobaini na mmoja. Jumapili nilipita mlangoni kwake nikienda kanisani, naye aliniamkia, nami niliitika nikiendelea kutembea. Sikuwahi kusimama nimwulize anashiba nini. Nilidhani nalijua jibu. Njia ya kwake niliijua, watoto. Miguu niliyokuwa nayo ilitosha.

Mnisikilize. Tumbo la mwenzio halipimwi kwa njaa yako. Ukiwa na jina la kuita, liite, na ukimaliza kuita, chukua jembe, angalia nani yuko mferejini. Na ukiwa huna, usidanganye. Lakini usichimbe peke yako mpaka baridi ikukute.

Mtaniuliza nimeyajuaje haya yote, hata yaliyosemwa na watu wawili kwenye genge. Nimeyajua kwa sababu Kiondo aliyasimulia kwa wanawe, akawaamuru wayasimulie bila kujitetea. Mimi ni wa tisa kutoka kwa Kiondo. Ninyi hesabuni wenyewe.

Leteni ungo huo, maharage yametosha. Hapa natia kizibo. Maji yaliyoingia shambani mwako ni yako, na yaliyopita yamekwenda kwa jirani. Semeni: Yamefika.

"Yamefika."